Jeraha Lisiloonekana



Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi, vilivyoanza mwaka 1993, viliufikia hata mji wa Rumonge na mwambao wake wa Ziwa Tanganyika, penye wavuvi na wakulima wa michikichi. Aliyepoteza mguu vitani hutambuliwa mara moja kuwa majeruhi. Je, yule aliyeangushwa na kishindo cha bomu, akainuka bila tone la damu, tumhesabu wapi?

Bomu linapolipuka, hewa husukumwa ghafla kwa wimbi lenye kasi kuliko sauti. Wimbi hilo hupenya fuvu na kuutikisa ubongo. Mwaka 2016, daktari Daniel Perl wa Marekani na wenzake walieleza makovu waliyoyakuta katika bongo za askari waliokumbwa na milipuko. Makovu hayo yalionekana kwa darubini tu, baada ya kifo.

Basi mvuvi asahauye alipotega nyavu, akosaye usingizi au afokaye bila sababu, tusikimbilie kumwita mvivu wala mwenye pepo. Apelekwe kituo cha afya, na aulizwe kama amewahi kuwa karibu na mlipuko. Huenda naye ni majeruhi wa vita.