Nyimbo za kurudi: maneno machache juu ya tango

(Mazungumzo ya kamati kwenye mkutano wa mwezi)



Mkutano uliopita uliacha swali: waimbaji wetu waache zile nyimbo za huzuni za kambini, siku wageni watakapokuja? Wengine walisema wageni wataona tunalialia tu. Tuliomba siku ya kujibu. Leo tutazungukia mbali kidogo, Buenos Aires, kule Argentina.

Tango ilizaliwa kule, na ng'ambo ya mto, Montevideo, mwishoni mwa karne ya 19. Watu weusi, wazao wa watumwa, walitia ngoma zao. Wahamiaji toka Italia na Hispania wakaleta za kwao. Hata bandoneon, kile kinanda cha kukunja na kukunjua, kilitoka Ujerumani. Watu walibanana, familia nzima chumba kimoja, na wengi walifikiri watafanya kazi miaka michache halafu warudi kwao. Hali hiyo mnaijua, tusiwaeleze.

Mwanzoni tango ilikuwa zaidi ya kucheza, maneno yake mepesi, ya kujisifu. Mwaka 1917 Carlos Gardel akaimba "Mi noche triste", maneno ya Pascual Contursi. Mwanaume ameachwa. Hatishi mtu. Anaangalia tu vitu vya chumbani: kitanda, kioo, taa, gitaa lisilopigwa tena. Huzuni yote imekaa ndani ya vitu. Mama mmoja kati yetu, alipofika kwenye parsele yake, hakulia juu ya nyumba iliyobomoka. Alilia alipoona jiwe lake la kusagia. (Tango nyingi zinamtupia mwanamke makosa yote, hapo hatukubaliani nazo.)

Lakini wimbo uliotuleta hapa ni "Volver", maana yake Kurudi. Muziki ni wa Gardel, maneno ya Alfredo Le Pera, aliyezaliwa Brazil kwa wazazi Waitalia. Unaimbwa ndani ya filamu ya mwaka 1935. Mtu anarudi, anaona taa za kwao kwa mbali. Ungengojea furaha, sivyo? Kumbe anaogopa! Anaogopa kukutana na maisha aliyoyaacha, na yeye amekwisha kuota mvi. Tena bado ana tumaini kidogo, amelificha.

Tarehe 24 Juni mwaka ule ule, Gardel na Le Pera walikufa katika ajali ya ndege kule Medellín, Colombia. Mwili wa Gardel ulifikishwa Buenos Aires mwaka uliofuata, watu wakajaa barabarani.

Sisi tuliposhuka toka mashua, tuliulizwa hali. Tulijibu: tumefika salama. Hakuna aliyesema anaogopa nani yuko ndani ya parsele yake, ao kwamba mtoto wake aliyezaliwa kambini anauliza kwao ni wapi. Ile woga tuliisikia mara moja tu, ndani ya nyimbo za wazee, zile zile mnazotaka kuzificha.

Basi tunaomba mbili zibaki: ule wa mvua kwenye mahema na ule wa mashua. Mtu awaeleze wageni maneno yake kwa Kifaransa. Kura itapigwa kisha likelemba.