Sindano ya Pua si Kazi ya Saluni
Mtaa wa Gangnam, jijini Seoul, umejaa kliniki za kuinua mwamba wa pua. Pua bapa si ugonjwa, wasikilizaji, lakini anayetaka kuibadili ana haki ya kuambiwa ukweli wote.

Upasuaji ndio unaodumu. Daktari huweka kipande cha silikoni, au gegedu la sikio ama la ubavu wa mgonjwa mwenyewe. Silikoni huweza kusogea, hata kutoboa ngozi miaka baadaye. Gegedu la ubavu huweza kupinda.

Kinachonitia hofu zaidi ni sindano ya kijazio cha asidi ya hayaluroniki, ile ya dakika chache ambayo umbo inaloipa pua huisha baada ya miezi kadhaa. Watu huiona nyepesi. Kumbe mishipa ya damu ya pua imeungana na ile inayolisha jicho! Kijazio kikiingia mshipani, ngozi huweza kufa, na jicho likapofuka papo hapo. Kwa hiyo anayedunga awe daktari aliyesomea kazi hiyo, na hayaluronidasi, dawa ya kuyeyusha kijazio, iwe mezani pake. Muulize kabla hujalala kitandani: dawa hiyo unayo? Akisitasita, ondoka.