Haki Iliyochukuliwa kwa Kadi na Adabu ya Kuidai



Shukrani zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye haipotei kwake haki ya mja hata ikiwa ndogo kama chembe. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hawajamwita Mtume, na ziwafikie jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia sisi wenyewe na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada zenu na katika miamala yenu. Kwani mtu huweza kuswali safu ya mbele, kisha akaitoka swala yake kwa lango la sokoni.

Maneno yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sura yake, lakini walilijua vyema kwa asili yake. Nalo ni muuzaji kuchukua katika mali ya mnunuzi zaidi ya ile bei waliyoridhiana. Zamani jambo hili lilipita katika mizani na pishi, na Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Leo linapita pia katika kadi ya benki.

Tupige mfano. Mama anakwenda dukani kumnunulia mwanawe sare na madaftari ya shule. Jumla ni shilingi 45,000. Karani anabonyeza sifuri moja zaidi, na mashine inachukua shilingi 450,000. Au mashine inakwama, karani anasema malipo hayakupita, anaipitisha kadi mara ya pili, kumbe yote mawili yamepita. Au mtu amerudisha kiatu kisichomfaa, akaahidiwa fedha zake, na mwezi ukaandama na mwingine ukaandama asizione. Au ameagiza kitu kwa simu, akatozwa, na kitu hakikufika. Kwa tajiri huenda hilo likawa usumbufu tu. Kwa yule mama, hizo zilizozidi ni kodi ya nyumba na chakula cha mwezi.

Hapa watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hunyamaza kwa haya, likasema, "Tumemwachia Mungu." Kundi la pili hupandwa na ghadhabu, likasimama mlangoni mwa duka na kumwita kila aliyemo mwizi. Makundi yote mawili yameiacha njia iliyonyooka.

Ama wanaonyamaza, nawajue kwamba mali ni amana. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameieleza hifadhi ya mali kuwa ni mojawapo ya mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, akili na kizazi. Na mali ya baba au mama wa nyumba si yake peke yake. Ndani yake mna haki ya watoto, ya wazazi, na ya wenye kumdai. Kusamehe ni fadhila kubwa, lakini msamaha ni wa mtu aliyeijua haki yake, akaweza kuichukua, kisha akaiacha kwa radhi. Mwenye kunyamaza kwa uvivu au kwa kuona haya hakusamehe; ameshindwa tu. Tena tunajua katika Hadithi Sahihi kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alituamrisha kumsaidia ndugu yetu anapodhulumiwa na hata anapodhulumu, na alipoulizwa vipi atasaidiwa mwenye kudhulumu, akabainisha kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Basi ukimwonesha mwenye duka kosa la mashine yake, umemwokoa yeye na umewaokoa wateja watakaokuja baada yako.

Ama wanaoghadhibika, sisi tunawakumbusha aya ya sita ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuwatia watu madhara kwa kutojua. Taarifa ya benki nayo ni habari, na huhitaji kuchunguzwa. Huenda jina lililoandikwa humo ni jina la kampuni lililosajiliwa, nalo silo lile lililo juu ya kibao cha duka. Huenda kijana wa nyumbani aliitumia kadi kwa idhini yako nawe umesahau. Huenda hoteli au kituo cha petroli kimezuia kiasi fulani kwa muda, na zuio hilo litaondoka lenyewe baada ya siku chache. Huenda kitu kiliuzwa kwa fedha za kigeni, na tofauti imekuja katika kubadilisha. Mwenye kutuhumu kabla ya kuyatazama hayo anaweza kumdhulumu aliyedhani kuwa ndiye mdhalimu.

Ukishahakikisha kuwa kosa lipo, zishike hati zako. Mnajua, ndugu zetu, kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi. Lau maandishi yangekuwa jambo dogo, isingeteremka aya ndefu namna hiyo kuyaeleza. Basi stakabadhi usiitupe mlangoni mwa duka. Isome kabla hujaondoka, ulinganishe na ujumbe wa simu unaotoka benki, na kila mwezi uipitie taarifa ya hesabu yako. Andika tarehe, saa, kiasi kilichochukuliwa na kiasi kilichostahili. Na ni kanuni mashuhuri ya makadhi wetu kwamba mwenye kudai ndiye anayetakiwa ushahidi. Madai yasiyo na karatasi ni kama ndoo isiyo na kitako: utachota mchana kutwa na usinywe.

Kisha nenda kwa muuzaji kwanza, maana yeye ndiye mwenzako katika mkataba, na mara nyingi jambo huisha hapo hapo. Mwombe atazame hesabu ya mashine yake ya siku ile. Zungumza kwa upole, lakini usiiache haki yako. Katika Hadithi Sahihi imepokewa kwamba mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) kudai deni lake, akamsemea kwa ukali hata Masahaba wakataka kumdhuru. Mtume akawazuia, akawaambia kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamrisha alipwe ngamia bora kuliko wake. Na imepokewa vilevile kwamba alimwombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Basi mtazameni yule karani. Huenda ni kijana anayelipwa kidogo, na bosi wake akisikia makelele atamkata mshahara au kumfukuza kwa kosa la kidole. Dai fedha yako, wala usiidai riziki yake.

Akikataa muuzaji, au akikuzungusha njoo leo njoo kesho, nenda benki yako bila kuchelewa, na umpeleke malalamiko kwa maandishi. Benki yako huipelekea dai lako benki ya muuzaji kwa njia ya mtandao wa kadi, na muuzaji hupewa nafasi ya kujibu na kuleta ushahidi wake. Akishindwa kujibu, fedha hurudi kwako. Lakini mlango huu una muda wake. Mitandao mikubwa kama Visa na Mastercard katika madai mengi huweka siku 120, na benki yenyewe huweza kukutaka uarifu mapema zaidi ya hapo. Ndugu zetu walioko Marekani wanayo sheria ya mwaka 1974, inayompa mwenye kadi ya mkopo siku 60 tangu kupelekewa taarifa yenye kosa ili aandike malalamiko yake. Na mtoaji wa kadi hutakiwa kukiri kuyapokea ndani ya siku 30, na kuyamaliza kabla ya kupita siku 90. Walioko Uingereza wanayo sheria ya mwaka huo huo wa 1974, inayomfanya mtoaji wa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa kitu kilichozidi bei ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000. Nchini Kenya iko sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012, na Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwaka 2019 kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Kutumia milango hii si ukorofi. Ni kama kwenda kwa kadhi.

Tunatahadharisha mambo mawili hapa. La kwanza, hata benki haina haja ya kukuuliza namba yako ya siri. Akikupigia mtu simu akisema anataka kukurejeshea fedha, kisha akataka namba hiyo au namba tatu zilizo nyuma ya kadi, mkatie simu, nawe uipigie benki kwa namba iliyochapwa kwenye kadi yako. La pili, mwenye kadi ya mkopo asiache kulipa sehemu isiyo na mgogoro kwa sababu ya sehemu yenye mgogoro, akaja kutozwa riba. Wanavyuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha Riyadh mwaka 2000, walikata shauri kwamba kadi ya mkopo iliyofungamanishwa na sharti la riba haijuzu, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa kabla ya muda.

Sasa, ndugu Waislamu, tumefika katika jambo ambalo kwalo hasa tumeichagua khutba hii. Mlango huo huo anaoingilia mwenye kudhulumiwa, mwongo naye huweza kuuingia. Wapo wanaopokea kitu mkononi, kisha wakaandika benki kuwa hakikufika. Wapo wanaonunua kwa kidole chao, kisha wakasema kadi iliibiwa. Wapo wanaorejeshewa na muuzaji, kisha wakarejeshewa na benki, wakala mara mbili na kusema ni riziki. Na muuzaji mdogo, asiyejua kuandika barua za benki, hupoteza bidhaa, hupoteza thamani yake, na mara nyingi hutozwa na ada juu yake.

Benki huamua kwa karatasi. Ya moyoni haiyajui. Na imepokewa kwa Bibi Umm Salama (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.), naye ndiye hakimu mwadilifu kuliko wote, aliwatahadharisha watu kuwa yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, na mwenye ufasaha akihukumiwa kitu cha ndugu yake kisicho haki yake, basi amekatiwa kipande cha Moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi haramu, vipi barua ya benki itaihalalisha? Aliyechukua namna hiyo na arejeshe leo, kabla ya siku ambayo hapatakuwa na shilingi wala kadi, ila mema na maovu.

Nanyi wafanya biashara, neno letu kwenu ni fupi. Mteja anapokuja na stakabadhi, msimpokee kama adui. Kagueni hesabu za mashine kila jioni, na mkiona mmepokea ziada, mtafuteni mwenyewe kabla hajakutafuteni. Kosa la kidole halina dhambi. Lakini likishajulikana kisha likafichwa, limekwisha kuwa dhuluma. Na Mwenyezi Mungu, katika Suratun Nisaa aya ya 29, amefunga kula mali ya wenzenu isipokuwa kwa biashara ya kuridhiana. Yule mama wa sare za shule aliridhia 45,000. Kilichozidi hapo, hata kikae katika hesabu yenu miaka mingapi, si chenu.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali na uitosheleze kwetu. Tupe ulimi mpole tunapodai na moyo mwepesi tunapodaiwa. Warejeshee waliodhulumiwa haki zao, na waongoze waliodhulumu wazirudishe kabla ya mauti. Wasamehe wazazi wetu na walimu wetu, na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.