Tende, Moli na Hesabu za Kemia

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa sekondari baada ya futari)



Ndugu zanguni na dada zangu, nimeambiwa niseme nanyi kuhusu kemia, na mimi nilipokuwa fomu thri nilipata alama 19 kwa 100 katika somo hili. Kwa hivyo sisemi kama mwalimu. Wala sikuwa mvivu. Fomula zote nilizihifadhi, kuhifadhi tumezoea tangu chuoni. Lakini swali likigeuzwa kidogo tu, nimepotea.

Mathalan, sentimita mchemraba 25 za sodiamu haidroksaidi zimemalizwa nguvu na 20 za asidi ya salfyuriki yenye moli 0.1 kwa lita. Haidroksaidi ina moli ngapi kwa lita? Aliyehifadhi atazidisha 20 kwa 0.1, agawanye kwa 25, apate 0.08. Amekosa, tena ana uhakika! Kila chembe ya asidi hii ina haidrojeni mbili za kutoa, kwa hivyo moli moja yataka moli mbili za haidroksaidi. Asidi ni moli 0.002, haidroksaidi 0.004. Gawanya kwa lita 0.025, jawabu ni 0.16.

Na moli yenyewe isiwatishe. Leo ndugu zetu wa jikoni walitaka tende tatu kwa kila mtu, watu 40. Hizo ni tende 120, na mwenye duka hahesabu, yeye apima kwa kilo. Wakapima tende kumi, wakazidisha uzito ule kwa 12. Basi! Hiyo ndiyo hesabu ya moli, kutoka idadi kwenda uzito. Ila chembe ni ndogo mno, ndio dazeni yake ikawa 6.02 × 10²³.

Sasa ombi kwa fomu foo mnaowasaidia wadogo zenu: msiwaonyeshe jawabu. Waulizeni, umepewa nini, wataka nini, na kipi chaunganisha hivyo viwili? Aseme kwa mdomo kabla ya kushika kalkuleta. Akikwama, nyamazeni kidogo (hapa ndipo sote twashindwa). Akikosa, atafute mwenyewe njia ilipokatika. Maswali matatu yatawachukua saa nzima, na ni sawa.

Haya, tukae wawili wawili. Swali ni lile lile, lakini asidi ni ya haidrokloriki, ambayo ina haidrojeni moja. Kalamu chini kwanza. Kila mmoja amwambie mwenzake: jawabu litapanda ama litashuka, na kwa nini?