Jina la Matola na Haki ya Mpwa

Huko Uskochi, afapo mwenye cheo cha kurithi, aghalabu macho yote humwelekea mwanawe wa kwanza wa kiume. Bali kwetu Newala na Masasi, kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, ambao kwa asili nasaba yao hufuata tumbo la mama, mwana hakuwa na dai juu ya kiti cha babaye, kwani mrithi alikuwa ndugu wa marehemu, ama mpwawe aliyezaliwa na dada yake.

Matola wa Newala, Myao, ambaye mwaka 1882, Wangoni walipoivamia Masasi, aliwapa hifadhi wamisheni wa Kianglikana, alipofariki jina lake halikuzikwa naye: aliyetawala baadaye naye aliitwa Matola, hata mgeni asiyejua huenda akadhani mtu mmoja ameishi umri wa watu wawili. Wamakonde, wao, hawakuwa na sultani wa uwanda mzima. Kila mkulungwa, yaani mkuu wa mahali, na chirambo chake, yaani eneo lake.

Serikali ya Tanganyika ilifuta madaraka ya machifu mwaka 1963. Lakini sheria ile, kwa maoni yangu, iliondoa hukumu isiguse nasaba, na kilichompunguzia mpwa haki yake zaidi ni dini, maana Uislamu kwa mirathi yake umempa mwana fungu lililo wazi.