Beseni la Mtoto Msiliuze

Maneno ya mama mmoja, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa chama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Niliombwa niongee juu ya usafi. Najua mnangoja habari ya kipindupindu, na kweli nitaigusa, maana huku kwetu kando ya ziwa hakuna kartie isiyokijua. Lakini nitaongea kwa njia ya mtoto wangu wa tatu. Wengi mnamfahamu. Ndiye yule anayezunguka parsele akitikisa mikono, ukimwita jina hageuki.

Hali yake inaitwa usonji. Wenye Kifaransa wanasema otisme. Haiambukizi, si laana, wala haikuletwa na malezi mabaya. Bongo lake lilijengwa kwa njia nyingine tangu mwanzo. Sauti, harufu, kuguswa, vyote vinaweza kumfikia kwa nguvu kupita sisi. Na jambo likibadilika ghafula, linamtisha.

Sasa fikirini: kurudi nyumbani ni kubadilika kwa kila kitu siku moja.

Kambini Nyarugusu alikuwa ameshazoea kuoga. Mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu alituonyesha namna, pole pole, na ilituchukua karibu mwaka mzima. Alikuwa na beseni lake la bluu, kopo lake na kitambaa chake. Tulipoamua kurudi, tuliuza vyombo vyote tupate nauli ya boti. Na beseni tuliuza. Nani angefikiri beseni?

Tukafika hapa. Choo kingine, bafu lingine, maji yenye harufu ya ziwa, ndoo nyeupe ya watu. Akakataa. Wiki tatu mwili wake haukuguswa na maji. Haja kubwa akaenda kuifanya nyuma ya nyumba ya jirani, na mnajua mvua ikinyesha uchafu ule unaenda wapi: kule tunakochota maji. Jirani akaniita, akaniambia: "Dada, ule mutoto yako iko na mapepo. Umupeleke ku maombi. Na ku choo yetu asiingie tena."

Siku ile mimi na mume wangu tulimshika mtoto kwa nguvu, tukammwagia ndoo nzima kichwani. Nikamchapa pia. Nasema hivi mbele yenu, ingawa ni haya, kwa sababu najua si mimi peke yangu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo, akiona ndoo tu, anakimbia. Nilimfundisha kwamba maji ni fimbo, basi.

Nikakumbuka ule mwalimu alivyosema: huyu mtoto hana ukaidi, ana sababu ambayo hawezi kukuambia. Tafuta sababu kwanza. Tukaanza kutafuta.

Tuligundua maji ya baridi kichwani yanamuumiza. Basi maji tunayaacha juani katika bidoni, kisha tunaanza na miguu, magoti, tumbo. Kichwa ni cha mwisho, tena kwa kitambaa kilicholowa, hatumwagi. Kile kisugulio kigumu tukakitupa. Sabuni ya harufu kali tukaiacha, tukachukua ile ya kawaida. Na sokoni nilitafuta beseni la bluu mpaka nikalipata. Siku nne lilikaa tupu uani. Siku ya tano aliingia akakaa ndani yake, bila maji, akicheka. Hapo nilijua tumerudi njiani.

Pili, kazi moja tukaikata vipande vidogo. Sisi tunasema "nenda ukaoge" kama ni neno moja, kumbe ndani kuna kazi kumi: kuvua, kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, na kuendelea. Nilichora vipande hivyo kwa makaa kwenye karatoni, nikaibandika ukutani. Sijui kuchora, lakini yeye alielewa. Mpangilio ni uleule kila siku, saa ileile, maneno machache: "Miguu. Sabuni. Maji." Ukimhubiria, anapotea.

Tatu, tulianza kumfundisha kutoka mwisho. Mimi nafanya yote, yeye anafanya kipande cha mwisho tu, kujifuta. Akikiweza, anafanya viwili vya mwisho. Kwa njia hiyo kila siku ni yeye anayemaliza, na hapohapo anapata karanga zake na sifa. Zawadi ikichelewa mpaka jioni, hajui ni ya nini. Mkono wake niliuongoza kwa mkono wangu, kisha nikawa nagusa kiwiko tu, kisha nikanyosha kidole tu. Leo nasimama nje.

Kuhusu mikono: sabuni ya kipande ilikuwa inateleza, hakuipenda. Tukaikwangua kidogo katika chupa ya maji, tukatoboa kizibo. Anaminya, anasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, na kucha, huku dada yake akihesabu mpaka 20. Akifika 20, anasuuza. Siku sabuni ikikosekana, tunatumia majivu. Kila atokapo choo na kabla ya kula, bila kuruka. Mtoto wa namna hii akishika desturi, haiachi. Siku hizi ni yeye anayewagombeza wakubwa wanaotaka kula bila kunawa!

Choo ndicho kilikuwa kigumu zaidi. Shimo kubwa, giza, nzi. Hata mimi naogopa. Tulipigilia ubao wenye tundu dogo, tukaning'iniza taa. Baada ya kila chakula, kama dakika 15 hivi, nilimpeleka, maana tumbo hufanya kazi zaidi mtu akishakula. Tulikaa kidogo, kikitoka au kisitoke, bila ugomvi. Ilichukua miezi. Yule jirani mwenyewe, alipoona, ndiye aliyefungua tena mlango wa choo chake. Mungu ambariki.

Sitaki niwadanganye. Kucha bado ninamkata akiwa amelala. Mswaki, ama brosi tunavyosema huku, anakubali meno ya mbele tu. Akiugua, tunarudi nyuma. Ndivyo ilivyo.

Wazazi wa watoto wanaokua, sikieni na hili. Mtoto wangu ana miaka 12. Mwili unabadilika, kwapa zinanuka, na karibu atakuwa kijana. Tunamfundisha sasa kufunga mlango, kuvaa kabla ya kutoka bafuni, na kwamba wa kumsaidia sehemu za siri ni mama, baba na kaka yake mkubwa peke yao. Mtoto asiyeweza kusema ndiye anayedhulumiwa kirahisi. Kwa wasichana, damu isiwakute bila kujua: kitambaa waonyeshwe mapema, wakivae kwa mazoezi kabla ya siku yenyewe.

Na mapepo? Wanaopenda kuombea, waombe, mimi pia naomba. Lakini kumfungia mtoto, kumnyima chakula, kumwita mchawi, sheria ya nchi yetu ya 2009 ya kulinda watoto inakataza, na Katiba pia. Mwanachama akiona hayo, asinyamaze.

Ninaomba vitu vitatu. Kwa wanachama: mkipiga simu kwa ndugu walio bado kambini, waambieni, kama wana mtoto wa namna hii, sufuria wauze, kitanda wauze, lakini beseni lake, kopo lake na shuka lake wabebe. Tena familia kama hiyo ikifika, chama kiwatafutie choo cha kutumia tangu wiki ya kwanza.

Kwa wafadhili: tunachokosa ni vitu vidogo. Ndoo yenye robine, sabuni, bamba la simenti lenye tundu dogo, mlango unaofungika. Na mtu mmoja aliyesomea mambo haya, aje kutufundisha wazazi hata mara moja kwa mwaka.

Na kwa mama aliye hapa anayemficha mtoto wake ndani ya nyumba: nyumbani kwangu unapajua. Njoo siku yoyote saa kumi, ndiyo saa yake ya kuoga. Utaona mwenyewe.