Tukiazimu Kwenda Kilwa Kisiwani

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za safari. Si safari ya biashara wala ya kutafuta kazi, bali ni safari ya kwenda kutazama mji wa kale, nao ni Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Magofu ya mji huo, pamoja na yale ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Watu wa nchi za mbali huvuka bahari ili kuyaona. Nasi tulio karibu yatupasa kuyajua.

Kwanza hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Mara ya kwanza tulipokwenda Kilwa, tulikwenda kama watu waendao sokoni. Hatukusoma kitu, hatukuuliza habari za kujaa na kupwa kwa maji, wala hatukujua twaenda kutazama nini. Tulifika jua limekwisha kuwa kali, tukazungukazunguka katikati ya kuta zilizobomoka, na baada ya muda wa saa moja mmoja wetu akasema, "Haya ni mawe tu." Basi tukarudi. Mara ya pili tulijitayarisha, na mawe yale yale yakatushughulisha mchana kutwa. Mazungumzo haya ni ya kuwaepusha na hasara ile ya kwanza, na tena kuwaonya juu ya hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, ambayo tutaitaja mwishoni.

Matayarisho ya kwanza ni kuijua habari ya mji kabla ya kuuona. Habari za kale za Kilwa zasimulia kwamba mtu mmoja jina lake Ali bin al-Hasan, wa ukoo wa Shirazi, alikinunua kisiwa kwa nguo, nazo zilikuwa nyingi hata zikatosha kukizunguka chote. Ni hadithi nzuri, na mzee yeyote wa pwani aijua. Walakini wataalamu waliochimba ardhi ya Kilwa waliona kwamba watu walikuwa wakikaa hapo tangu zamani za kale, kiasi cha mwaka 800, katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki, wakifinyanga vyungu na kufua chuma. Nyumba za mawe zilikuja baadaye, na mji ukakua kidogo kidogo mikononi mwa watu wa pwani wenyewe.

Ni kitu gani kilichoutajirisha? Jibu ni pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikavirudisha kwao. Chombo kilichotaka kwenda na kurudi katika mwaka mmoja kiliweza kufika Kilwa, lakini kikiendelea sana kusini kiliweza kuikosa pepo ya kurudia. Kwa hiyo watu wa Kilwa wenyewe waliifuata dhahabu Sofala, ilikoshuka kutoka nyanda za juu za Zimbabwe, wakaiuza nyumbani pamoja na pembe za ndovu, wakapata nguo, shanga, na vyombo vya kauri vya China. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, akamsifu kwa ukarimu.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu zake akadai kodi, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kujenga ngome. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini biashara ya dhahabu ilikuwa imekwisha vurugika. Tena kuna jambo chungu ambalo si vema kuwaficha watoto: mwaka 1776 sultani wa Kilwa wa wakati ule alifanya mapatano na Mfaransa mmoja, Morice, ya kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Aendaye Kilwa akumbuke fahari ya mji, na akumbuke pia wale waliopitishwa pwani ile wasirudi tena makwao.

Matayarisho ya pili ni ya njia. Kutoka Dar es Salaam hata Kilwa Masoko ni kiasi cha kilometa 300 kwa barabara iendayo kusini. Mto Rufiji hupitwa juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake wasafiri walingoja kivuko, na pengine walingoja sana. Mkifika Nangurukuru mwaiacha barabara kuu, mwashika njia ya kuelekea baharini. Watokao Lindi na Mtwara nao huingilia hapo hapo. Miezi ya masika, tangu Machi hata Mei, si mizuri kwa safari hii, maana mvua huwa nyingi na majani hufunika magofu. Afadhali miezi ya kiangazi, ijapokuwa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka mara nyingine.

Lalani Kilwa Masoko, wala msitumaini kufika na kuvuka siku hiyo hiyo. Jioni ile ile, au asubuhi na mapema, tafuteni kibali cha kuingia magofuni, pamoja na mtu wa kuwaongoza. Walimu na wachukue barua ya shule na majina ya wanafunzi wote. Kisha muulizeni nahodha maswali matatu: maji yatajaa saa ngapi, chombo chake chachukua watu wangapi, na je, kila mtu atapata boya la kuvaa? Swali la kwanza si dogo. Ng'ambo ni karibu sana, hata nyumba za Masoko zaonekana kutoka kisiwani, lakini maji yakipwa mtatembea katika tope na mawe makali. Swali la pili na la tatu ni la uhai. Nahodha akitaka kuwapakia kupita kiasi, vukeni kwa zamu mbili. Kuchelewa nusu saa kwastahimilika. Chombo kikizama hakuna la kusema.

Chukueni maji ya kunywa, chakula, kofia, na viatu vigumu. Mavazi yawe ya heshima, maana mwaingia katika kijiji cha Waislamu na katika mahali palipokuwa misikiti.

Matayarisho ya tatu ni kupanga mtazame nini kwanza. Mkishuka mtaiona Gereza, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Oman kiasi cha mwaka 1800, mahali ilipokuwa ngome ya Wareno. Itazameni, lakini msikae sana, maana iliyo kongwe zaidi i mbele yenu. Nendeni Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na ya 12. Ni ndogo, na paa lake lilichukuliwa na nguzo tisa. Sehemu ya kusini, yenye matao na kuba nyingi, iliongezwa na al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14. Ikaanguka, ikajengwa tena katika karne ya 15. Simameni katikati ya sehemu hizo mbili, mkatazame huku na huku. Mtauona mji mdogo na mji uliokwisha tajirika, umekaa ubavuni pa ndugu yake.

Kisha ingieni katika nyumba, mkapime upana wa vyumba kwa hatua. Vyumba ni virefu, lakini vyembamba, aghalabu havifiki meta tatu. Mwulizeni mwanafunzi kwa nini. Je, tajiri alikosa nafasi? La. Dari zilichukuliwa na boriti za mikoko, na mkoko haufiki mbali. Mafundi wale walijenga kwa vitu vilivyokuwa karibu nao: mawe ya matumbawe kwa kuta, matumbawe laini, yaliyokatwa baharini yangali mabichi, kwa nakshi za milango na mihirabu, na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Jambo hili hujifunza kwa hatua ya mguu kuliko kwa kitabu.

Mwisho wekeni Husuni Kubwa, mwendo wa kilometa moja na nusu hivi kwenda mashariki. Ndilo jumba la al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na bwawa la kuogea lenye pembe nane, na ngazi za kushukia pwani. Ajabu ni kwamba halikumalizika kujengwa. Kaeni hapo mle chakula chenu, mkazungumze kwa nini mfalme aliye tajiri aanze kazi kubwa asiimalize. Ama Songo Mnara, ni kisiwa kingine upande wa kusini. Chataka siku yake, maana safari ya chombo ni ndefu na njia ya kupandia yapita katika mikoko. Msijaribu kuviona vyote viwili kwa haraka.

Sasa twafika kwenye onyo tulilowaahidi. Katika Kilwa, mvua ikinyesha, ardhi hutoa vitu vidogo: kigae cha chungu, ushanga, kipande cha sahani ya China, au sarafu ndogo ya shaba, maana masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Mkono wa mtoto hukiokota, nao hukitia mfukoni. Hata watu wazima hufanya hivyo, husema, "Kimoja tu, cha ukumbusho." Twawasihi msifanye, nasi twawapa sababu.

Katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari, ilipatikana sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman. Kwa kuwa ilipatikana ndani ya magofu yale, sarafu hiyo yashuhudia kwamba mji wa bara na mji wa pwani ulikuwa na njia moja. Lakini mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Tano katika hizo ni za Kilwa! Zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari nzima? Nani alizichukua, na lini? Hakuna awezaye kusema, maana ziliokotwa juu ya mchanga tu, hapana tabaka la ardhi wala kitu kingine cha kuzishuhudia. Sarafu ni za Kilwa zote, lakini moja yatufundisha habari, na tano zatuachia kitendawili. Tofauti ni mahali zilipokutwa.

Ndivyo ilivyo kwa kila kigae. Wachimbaji huujua umri wa ukuta kwa vigae vilivyolala chini yake. Kigae kikiwa mfukoni mwako si ukumbusho tena, ni uchafu wa nyumbani ambao mama atautupa. Mkiona kitu, kiacheni hapo kilipo, mkamwite mwenye kuwaongoza. Wala msipande juu ya kuta, wala msiandike majina yenu. Bahari, mvua na mizizi ya miti vyatosha kuziharibu. Kwa sababu ya madhara hayo Kilwa iliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya mahali palipo hatarini, ikakaa humo miaka kumi, mpaka kazi ya kuzitengeneza ilipoendelea, ndipo ikatolewa mwaka 2014. Si vema kazi ya miaka kumi ivunjwe na kiatu cha mgeni wa siku moja.

Na jambo moja la adabu. Kisiwa kile si makumbusho tupu. Watu wakaa humo, wavua na kulima karibu na kuta hizo. Mkutanapo na wazee waamkieni, "Shikamoo." Mkitaka kupita uani pigeni hodi. Mkitaka kumpiga mtu picha, ombeni kwanza. Makaburi yapiteni kwa unyamavu. Na mkiketi kidogo na mvuvi mzee, pengine mtasikia habari ambazo kitabu hakina.

Basi, wasikilizaji wetu, someni habari, ulizeni maji, hesabuni watu wenu wakipanda na wakishuka, na rudini na mifuko mitupu. Usiku wa kurudi, kila mwanafunzi na aandike ukurasa mmoja wa aliyoyaona, kabla hajasahau. Ukurasa huo ndio ukumbusho halali wa Kilwa, nao haumpunguzii mtu atakayefuata. Twawatakia safari njema. Kwaherini.